Nilimwambia Aache Kuchemsha Maji

Ploti tunayokaa mtaa wa Satellite, Nairobi, ina milango kumi na miwili inayotazamana, bomba moja katikati ya ua, na tanki jeusi lililowekwa juu ya bafu. Maji ya bomba huja siku mbili kwa wiki, wakati mwingine moja. Siku hizo kila mtu hutoa mitungi yake na kuipanga foleni, na aliye kazini humwachia jirani amtekee. Nimekaa hapo tangu nilipofiwa na mume wangu. Ninashona nguo mlangoni kwangu, na kwa miaka mingi nimekuwa pia mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale wanawake wanaopita nyumba hadi nyumba na begi begani, kuuliza nani anakohoa, mtoto gani hajachanjwa, na maji ya kunywa mnayasafisha vipi.

Hilo la maji ndilo nililolipenda kuliko yote. Mimi ni wa Ukambani. Nimekua nikichimba mchanga wa mto uliokauka ili nijaze kibuyu, na nilipokuwa darasa la nne ndugu yangu mdogo alikufa kwa kuhara, kwa siku tatu tu. Kwa hiyo siku tulipofundishwa kutumia dawa ya maji pale dispensari, nililia kidogo, na wenzangu wakadhani nina mafua. Kifuniko kimoja cha klorini kwenye mtungi wa lita ishirini, tikisa, subiri nusu saa, kunywa. Ni hivyo tu. Niliwaza kwamba kama mtu angemletea mama yangu chupa moja ya namna ile, ndugu yangu angekuwa mzee mwenzangu sasa.

Nilianza kuifundisha dawa ile kama mtu anayehubiri. Kipindupindu kilipoingia mitaa ya jirani, hakuna hata mmoja wa ploti yetu aliyeugua. Watu walinishukuru. Mwenye ploti, ambaye kwa kawaida hunipita kama hanioni, alisimama akanisalimia kwa mkono. Sitaficha: kichwa kilinivimba.

Ndipo alipohamia msichana mmoja kutoka magharibi, amebeba watoto wawili wa kike waliozaliwa siku moja. Mume wake alikuwa fundi wa mawe kwenye mjengo mmoja Uthiru, anaondoka alfajiri na kurudi jioni na simiti kwenye nyusi. Ploti nzima ilimwita Mama Pacha, naye akaitika bila kuchoka. Mimi alianza kuniita Mathe, kama vijana wa mjini wanavyomwita mama. Baada ya wiki mbili akawa ananiita Mama, na mimi nikapokea.

Wale watoto walikuwa na miezi mitano hivi. Mmoja alikuwa mnene, mpole. Mwingine mdogo wa mwili, mwenye macho makubwa, na ndiye aliyekuwa na sauti. Ukipita mlangoni pao alikuwa anakutazama mpaka umsemeshe.

Kila asubuhi Mama Pacha aliwasha jiko la makaa nje ya mlango wake, akateleka sufuria kubwa ya maji. Yalitokota mpaka mfuniko ukawa unagonga. Kisha aliyafunika, akayaacha yapoe, akayamimina kwenye chupa ya chai aliyoitenga kwa ajili hiyo. Nilimtazama kwa siku kadhaa nikishona. Siku moja nikanyanyuka.

"Mama Pacha, hayo makaa yote ni ya maji tu?"

"Ni ya kunywa, Mama. Na ya kuosha vikombe vya watoto. Karibu wataanza uji."

"Wacha kujitesa, mwanangu. Weka hii dawa." Nilikuwa nimembebea chupa. "Inaua kila kitu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Ploti nzima tunatumia hii. Umeona mtu akiugua?"

Alisita. "Mama yangu alinifunza nichemshe."

"Mama yako hakuwa na hii dawa."

Aliichukua kwa mikono miwili, kama watu wa kwao wanavyopokea kitu kwa mkubwa. Kesho yake jiko halikuwashwa mpaka saa za chakula cha mchana. Nilimwona akimimina kifuniko kimoja kwenye mtungi, akatikisa, akatazama saa ya simu. Nilifurahi. Niliandika kwenye kitabu changu kwamba nyumba ile sasa inasafisha maji.

Mvua za mwaka ule zilikuja kwa nguvu. Waliokuwa wakichimba mtaro wa barabara mpya walikata bomba kubwa karibu na mahali ambapo maji machafu ya mtaa hupita wazi, na kabla ya kufungwa, maji ya bomba na yale machafu yalichanganyika kwa siku kadhaa. Maji yaliyofika kwetu yalikuwa na rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili. Nilikusanya wanawake uani. Niliwaambia wayachuje kwa kitambaa, waweke vifuniko viwili badala ya kimoja, wasubiri zaidi. Walifanya hivyo. Maji yalinuka dawa mpaka chai ikawa chungu, na kwangu mimi harufu ile ilikuwa ndiyo usalama wenyewe.

Baada ya kama wiki moja, watoto wa ploti walianza kuendesha tumbo. Wakubwa nao waliumwa tumbo, wakalala siku mbili tatu, wakaamka. Mimi mwenyewe niliendesha karibu wiki mbili nikasema ni maharagwe. Lakini kwa Mama Pacha mambo hayakuwa hivyo. Wale watoto wake, ambao sasa walikuwa na miezi minane na wanakunywa uji na maji, walihara maji matupu, siku baada ya siku. Nilimpelekea pakiti za chumvi na sukari na vidonge vya zinki. Nilimwonyesha jinsi ya kuwanywesha kwa kijiko. Nilimwambia asiache kunyonyesha. Na pakiti zile nilizikoroga mimi mwenyewe kwa maji ya mtungi wake, yenye dawa.

Dispensari walimpa dawa ya bakteria. Haikusaidia. Yule mnene alikuwa anashuka na kupanda. Yule mwenye macho makubwa alikuwa anashuka tu. Siku ya kumi na mbili nilimbana ngozi ya tumbo na haikurudi mahali pake. Nikamwambia mama yake avae viatu.

Tulienda wote kwenye hospitali kubwa kule Upper Hill. Walilazwa wote wawili kitanda kimoja, na mama yao akakalia kiti cha plastiki kando yao. Mimi nilikuwa ninakwenda kila asubuhi na kurudi jioni. Kwa kuwa nilikuwa na kitambulisho cha uhudumu, wauguzi walinituma hapa na pale, na siku ya pili walinituma maabara na vikopo vya choo cha watoto.

Aliyepokea alikuwa dada mmoja mwenye nywele fupi na koti lenye doa la wino mfukoni. Aliniambia nisubiri, maana alitaka kutumia rangi maalum, vipimo vya kawaida havikuonyesha kitu. Nilikaa kwenye benchi la mbao pale nje kwa muda mrefu. Aliponiita aliniuliza kama nataka kuona. Sijui kwa nini aliniuliza. Labda aliona begi langu.

Nilifunga jicho moja nikainamia hadubini. Kulikuwa na uwanja wa buluu, na ndani yake vidoa vyekundu, vya duara, vidogo sana, vimetawanyika. Vilikuwa vingi.

"Hivyo ndivyo vinawasumbua watoto wako," alisema. "Ni vimelea. Vinaingia na maji, vinakaa kwenye ukuta wa utumbo."

"Lakini maji yetu tunatia dawa," nilisema.

"Dawa gani?"

"Klorini. Na nilizidisha."

Alinitazama kwa upole, na upole ule ndio ulioniogopesha. "Mama, klorini haikiui hiki. Kiko ndani ya ganda. Bakteria wa kipindupindu unawamaliza mara moja. Vile vingine, kama amiba, ukiweka ya kutosha na ukingoja sana, pengine vitakufa. Lakini hiki unaweza kukilaza ndani ya maji ya dawa kutwa kucha, asubuhi ukikute kizima."

"Na mtu akichemsha?"

"Akichemsha kinakufa. Maji yakitokota vizuri, basi, kwisha. Hata jua kali linakidhoofisha, maji yakiwa safi kwenye chupa inayoonyesha ndani, ingawa kwa baridi ya Nairobi mimi singelitegemea. Moto ndio hakika."

Nilimuuliza kama wakubwa nao wanacho. Akasema mtu mzima mwenye nguvu huendesha wiki moja, mbili, kisha mwili unakishinda. Shida ni watoto wadogo, na watu ambao kinga yao iko chini. Aliniandikia majibu kwenye karatasi. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi, na wafanyakazi wa maofisi ya jirani walikuwa wanapita na vikombe vyao vya kahawa, wanacheka kuhusu jambo fulani. Nilikumbuka neno nililolisema. Kila kitu. Inaua kila kitu.

Nilipeleka karatasi wodini. Daktari aliisoma, akasema dawa ya kukiondoa kwa mtoto wa umri ule si ya kutegemewa, kazi kubwa ni kumrudishia maji mwilini na kumlisha mpaka mwili wenyewe upate nguvu. Mama Pacha alimsikiliza akitikisa kichwa kukubali. Kisha akanigeukia.

"Amesema ni nini, Mama?"

"Ni kijidudu cha tumbo," nilimjibu.

"Kilitoka wapi?"

"Kwa maji, huenda. Mvua hii."

Sikusema zaidi. Nilijiambia kwamba si wakati wake, kwamba mama anayeuguza hafai kuongezewa mzigo. Hilo lilikuwa kweli. Lakini pia niliogopa, na hofu ndiyo iliyokuwa kubwa.

Yule mdogo mwenye macho makubwa alikufa siku ya tano, asubuhi, wakati wa kugawa chai. Mama yake alikuwa amemshika. Hakupiga kelele. Alimtazama muuguzi, akatazama mtoto wa pili aliyekuwa amelala kitandani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu asiamke kwanza." Alitaka yule mwingine asione.

Baba yao alifika kutoka Uthiru na nguo za mjengo. Tulisimama naye kwenye korido. Alikuwa kijana mwenye maneno machache, na aliniuliza jambo moja tu.

"Lakini Mama, si tulikuwa tunaweka dawa?"

"Mlikuwa mnaweka," nilisema.

"Sasa?"

Nilimwambia ni kazi ya Mungu. Mimi ni mtu wa kanisa, nimeyatamka maneno hayo kwenye matanga mengi na nikayaamini. Siku ile niliyatumia kama pazia, na nilijua hivyo yakiwa bado yako mdomoni.

Yule mnene alipona polepole. Waliporuhusiwa, familia ilisafiri kwenda kwao kumzika mtoto, na nyumba yao ikafungwa kwa muda wa miezi miwili. Nilikuwa ninashona nikiutazama ule mlango. Nilianza kuchemsha maji yangu, lakini ndani, kwa gesi, dirisha nimelifunga, kama mtu anayepika kitu cha wizi. Nyumba za watu nilikuwa ninapita na kuuliza kikohozi na chanjo, na nikifika kwenye swali la maji ninaandika jibu haraka na kuondoka.

Walirudi Jumamosi moja. Asubuhi ya Jumatatu nilimwona Mama Pacha uani akijaza mtungi. Ploti ilikuwa bado inamwita jina lile lile, kwa sababu hakuna aliyejua jina lingine la kumwita, na kila alipoitwa alikuwa anakawia kidogo kabla ya kuitika. Alitoa chupa ya klorini ndani ya leso aliyojifunga, akamimina vifuniko viwili. Akaanza kutikisa mtungi kwa nguvu. Yule mtoto aliyebaki alikuwa amesimama, ameushika ukuta, anajifunza kutembea.

Niliacha cherehani. Nilikwenda nikaushika mkono wake.

"Usimpe hayo," nilisema. "Yachemshe."

"Nimeweka dawa, Mama. Mbili."

"Najua. Njoo tukae."

Tuliketi kwenye kizingiti chake. Nilimweleza kila kitu: vidoa vyekundu, ganda, maneno ya yule dada wa maabara. Nilimwambia niliyajua siku ile ile, na kwamba kabla ya hapo sikuyajua, na kwamba sikuwa nimeuliza. Nilimwambia kuwa ni mimi niliyemtoa kwenye moto wake. Alinisikiliza akitazama mtungi.

"Kwa hivyo ningeendelea tu kuchemsha," alisema.

"Ndiyo."

"Angekuwa hapa."

"Sijui, mwanangu. Labda. Watoto hushika vitu chini, hata mikono michafu huambukiza. Lakini maji yangekuwa salama."

Alimgeukia mtoto aliyekuwa ameushika ukuta. Kisha akasema, "Nilikuuliza. Nilisema, kila kitu?"

"Uliuliza."

Alinyanyuka, akambeba mtoto, akaingia ndani. Alifunga mlango bila kuubamiza. Nilisubiri pale kizingitini nikidhani atatoka anitukane, na ningefurahi angenitukana. Hakutoka. Kabla ya mwisho wa mwezi walihamia Uthiru, karibu na kazi ya mume. Sikuagwa, na sikutegemea kuagwa.

Nilikwenda dispensari kwa msimamizi wetu, mwanamume mwenye haki na mwenye kazi nyingi. Nilimwambia lazima tuwaambie watu ukweli. Alisugua paji la uso.

"Ukiwaambia dawa haifanyi kazi, wataitupa," alisema. "Kipindupindu kikirudi, utawazika wangapi?"

"Sisemi haifanyi kazi. Nasema haifanyi yote."

"Watu hawasikii sentensi ya pili, mama."

Hakuwa amekosea. Nilikaa na maneno yake kwa siku nyingi. Lakini mimi nilikuwa nimeshasema sentensi moja isiyo na ya pili, na nilikuwa nimeona ilichofanya. Hatimaye aliniambia niende, mradi nisiwatishe.

Nilianza na ploti yetu, kisha ile ya jirani, kisha mtaa. Nilisema: dawa endeleeni nayo, inazuia kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini maji ya mtoto mdogo, ya mgonjwa, ya mtu anayemeza dawa za kila siku, hayo yapikwe mpaka yatokote, na yafunikwe. Mwaka huu ninasema hivi, mwaka jana nilisema vingine, na nilikosea. Kuna walionicheka. Mama mmoja wa kuuza mboga aliniuliza makaa atayatoa wapi. Nilimwambia angalau kikombe cha mtoto tu, wakati chai iko motoni, kwa sababu maji ya chai hutokota hata hivyo. Mwanamume mmoja aliniambia mbele ya watu, "Mathe, leo hii, kesho ile. Tukuamini lini?" Nilimjibu kwamba sijui, ila hili nililiona kwa macho yangu. Kijana mmoja mwembamba, ambaye sikuwa nimejua kuwa anaugua, alinifuata mpaka barabarani akaniomba nirudie taratibu ile sehemu ya watu wanaomeza dawa za kila siku. Nilirudia mara mbili.

Ilipita kama miaka miwili. Siku moja simu ililia nikiwa kwenye cherehani. Sikuijua namba, lakini sauti niliijua.

"Mama, habari ya huko? Jumapili baada ya kanisa utakuwa na nafasi? Kina mama wa chama chetu wanataka mtu wa kuwaongelesha mambo ya maji."

Nilikwenda. Chama chao kilikutana kwenye ukumbi wa mabati nyuma ya kanisa, si mbali na Waiyaki Way, na magari yalisikika yakiunguruma wakati wote. Kulikuwa na wanawake kama ishirini, wengi na watoto mgongoni. Mama Pacha alikuwa amenenepa kidogo. Hakunikumbatia. Alinipa mkono, akanipa kiti, kisha akasimama mbele.

"Huyu mama ndiye aliniambia niache kuchemsha maji," alisema. "Mnajua nilipoteza mtoto. Pia ndiye alikuja akaniambia alikosea, na hakuna mtu alikuwa amemwuliza. Mumsikilize."

Akaketi. Nilianza kuongea nikiwa nimekaa. Niliongea kwa urahisi kuliko nilivyowahi kuongea. Waliuliza maswali mazuri. Mmoja alitaka kujua kama barafu inaua. Nikamwambia haiui kwa uhakika. Mwingine akauliza kuhusu maji ya chupa ya dukani, nikasema sijui yanavyotengenezwa, na wakacheka kwa sababu walizoea watu wa afya wanaojua yote.

Baadaye Mama Pacha alinisindikiza mpaka daraja la kuvukia. Binti yake alitembea katikati yetu, amenishika kidole, kwa vile mtoto wa umri ule hushika kidole chochote kilicho karibu. Tulipofika chini ya ngazi Mama Pacha alisimama. Nilidhani ananiaga. Lakini alianza kunisimulia mazishi. Hakuwa amenisimulia, wala mimi sikuwa nimeuliza. Alisema mvua ilinyesha tangu Kakamega, na sanduku lilikuwa dogo kiasi kwamba mume wake alilipakata magotini njia nzima akakataa liwekwe nyuma. Alisema mama mkwe alimwogesha yule aliyebaki kwa maji ya moto, akamvalisha nguo za yule mwingine, kwa sababu zake zilikuwa zimelowa. Alisema shimo lilijaa maji na wanaume wakayateka kwa karai, wakateka, yakawa yanarudi.

Magari yalipita. Mtoto aliketi kwenye ngazi akavua kiatu. Nilisimama pale nikamsikiliza mpaka akamaliza.